Mwongozo kwa Asiyestuka: Namna ya Kupata Leseni ya Mikopo ya Nyumba Marekani na Kubaki Nayo

Habari hizi huanzia kwenye sherehe. Iwe Dallas, Columbus au Minneapolis, pilau imeshaliwa, watoto wanakimbizana ukumbini, na jamaa mmoja aliyekuja na gari jipya anawaambia wenzake waliochoka kubeba boksi kwamba yeye siku hizi anatafuta riziki akiwa amekaa kitako. Anawashughulikia watu mikopo ya nyumba. Mteja mmoja akisaini, anasema, kamisheni inazidi mshahara wa mwezi mzima wa zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee. Masharti ni saa 20 za masomo na mtihani mmoja, basi.

Tuchukulie kwamba hajadanganya. Mwongozo huu unahusu yale aliyoyanyamazia.

Kwanza: elewa ni nani anayeshukiwa

Mgeni wa kazi hii hudhani leseni ni cheti cha kumtangaza kuwa mtaalamu. Arudi nyuma kidogo. Hadi mwaka 2008 kila jimbo la Marekani lilikuwa na utaratibu wake wa kuwasimamia wanaopokea maombi ya mikopo ya nyumba, na mahali pengine utaratibu wenyewe ulikuwa wa jina tu. Gazeti la Miami Herald lilipekua kumbukumbu za Florida likakuta kwamba kati ya 2000 na 2007 watu zaidi ya 10,000 wenye rekodi za jinai waliachwa wafanye kazi katika biashara hiyo. Hiyo ilikuwa enzi ya mikopo iliyotolewa kwa kipato alichojitajia mwombaji mwenyewe, bila mtu kudai karatasi ya mshahara, na riba ikianza kwa upole miaka miwili ya mwanzo kisha kupaa. Soko lilipoporomoka, mamilioni ya familia zilitolewa kwenye nyumba zao. Tarehe 30 Julai 2008 Rais George W. Bush alitia saini sheria kubwa ya makazi, na ndani yake mlikuwa na sheria ya SAFE. Tangu hapo kila anayeshughulikia mikopo hiyo sharti awemo kwenye daftari moja la nchi nzima, liitwalo NMLS.

Ukilijua hilo, mambo mengine yote yanaeleweka. Leseni ilitungwa ili kumlinda mteja, na mtu anayelindwa dhidi yake ni wewe. Ndiyo maana unatoa alama za vidole zikaguliwe na FBI, na ripoti ya madeni yako inasomwa, kwa kuwa atakayewahoji watu madeni yao hana budi kuhojiwa ya kwake. Kosa kubwa la jinai ndani ya miaka 7 linakufungia mlango. Likiwa la utapeli, la kuvunja amana au la kutakatisha fedha, linakufungia maisha. Tena unapewa namba. Namba hiyo haibadiliki ukihama kampuni wala ukihama jimbo. Inachapwa kwenye kadi yako ya biashara na kwenye matangazo yako, na mtu yeyote mwenye simu anaweza kuiingiza kwenye tovuti ya umma akaona umepita ofisi zipi na umewahi kuadhibiwa kwa lipi.

Usiulize kwa nini kijana aliyeajiriwa na benki ya ng'ambo ya barabara, anayefanya kazi ileile, hakusoma saa 20 wala hakukalia mtihani. Wafanyakazi wa benki wanasajiliwa tu na kupewa namba, kwa hoja kwamba benki yenyewe inasimamiwa. Benki ya Washington Mutual nayo ilikuwa ikisimamiwa, hadi serikali ilipoitwaa Septemba 2008. Swali lako ni zuri, ila haliko kwenye mtihani.

Pili: chagua jina moja ushikamane nalo

Kwetu mtu hubeba jina lake, la baba na la babu, na likijirudia hakuna anayeshangaa. Tuseme wewe ni Juma Hamisi Juma. Pasipoti ya nyumbani inakutaja kwa majina yote matatu, kadi ya ukaazi imemeza moja, na leseni ya udereva imelifanya la kati kuwa herufi H. Jina ulilojiandikishia kwenye mfumo linatakiwa lifanane na la kitambulisho utakachoonyesha mlangoni pa kituo cha mtihani. Usijaribu kumweleza msimamizi kwamba babu na mjukuu kuitana majina ni heshima. Atakusikiliza, atakubali kwamba ni jambo zuri, na atakurudisha nyumbani huku ada yako ya dola 110 ikibaki hukohuko.

Kama wewe ni mmoja wa wale ambao karani wa kambi ya wakimbizi aliwaandikia wote kuzaliwa 1 Januari, basi hiyo ndiyo siku yako ya kuzaliwa. Usianze kuirekebisha wiki ya mtihani.

Tatu: saa 20 ni za kukaa

Saa 20 zimegawanywa hivi: 3 za sheria za shirikisho, 3 za maadili, 2 za mikopo isiyo ya kawaida, na 12 za mengineyo. Baadhi ya majimbo huongeza saa zao juu. Mgeni hudhani mikopo isiyo ya kawaida ni ile ya kihuni iliyoleta balaa. Katika sheria ya SAFE, mkopo wowote usiokuwa wa miaka 30 kwa riba isiyobadilika ni wa aina hiyo. Kwa hiyo mkopo wa miaka 15 wenye riba isiyobadilika, ambao shangazi yako mwenye busara angeuchagua bila kuuliza mtu, kisheria umeketi kundi moja na ile iliyopaa na kuwatoa watu nyumbani. Likija swali hilo, jibu kama sheria. Shangazi mwache apumzike.

Ukisoma kwa njia ya mtandao, utatakiwa kuchora nywila yako kwa kipanya, herufi kwa herufi, ili mashine itambue mkono wako. Usiku wa manane, baada ya zamu, mkono wako mwenyewe hautaufanania mkono wako wa asubuhi, na utakaa hapo ukichora A kama mtoto wa chekechea hadi mashine iridhike kwamba wewe ni wewe. Usiweke video icheze ukaingia jikoni kusonga ugali. Ukikaa kimya muda kidogo, mfumo unakutoa.

Ukimaliza saa 20 utagundua kwamba zimekuhesabia kukaa. Kufaulu kunauzwa kivyake: kuna kifurushi cha maswali ya mazoezi, kuna kadi za kukariri, kuna twisheni ya mwisho wa wiki na mwalimu mwenye sauti ya mhubiri. Watakuahidi kukurudishia fedha ukianguka. Soma masharti ya ahadi hiyo kwa makini yaleyale unayofundishwa kuwasisitizia wateja wako, na hayo yatakuwa mazoezi mazuri kuliko kifurushi. Madesa yanayozunguka WhatsApp yenye “maswali yenyewe ya wiki iliyopita” yaache yapite. Kila mtahiniwa huahidi kutoyatoa maswali nje, na itakuwa ajabu kuanza kazi ya uaminifu kwa kununua mali ya aliyevunja ahadi.

Nne: ogopa kalenda kuliko hesabu

Mtihani una maswali 120 na dakika 190. Maswali 5 ni ya majaribio, hayahesabiwi, na huambiwi ni yapi. Huenda lile lililokutoa jasho halikuwa na alama yoyote. Alama ya kufaulu ni asilimia 75. Ukianguka, unasubiri siku 30. Ukianguka mara tatu mfululizo, unasubiri siku 180, na boksi lipo palepale ulipoliacha.

Wengi huogopa hesabu za riba. Hizo kikokotoo kinazimaliza. Cha kuogopa ni Kanuni Z, inayotekeleza sheria ya mwaka 1968 ya ukweli katika mikopo, kwa sababu ndani yake “siku ya kazi” ina maana mbili. Ya kwanza ni siku ambayo ofisi za mkopeshaji ziko wazi kwa umma kwa karibu shughuli zake zote. Ya pili ni siku yoyote isipokuwa Jumapili na sikukuu za serikali ya shirikisho, yaani Jumamosi imo hata kama ofisi imefungwa na meneja yuko ziwani anavua samaki.

Sasa chukua Alhamisi moja, na ofisi isiyofungua Jumamosi. Mteja anakupa jina lake, kipato, namba ya Social Security, anwani ya nyumba, thamani inayokadiriwa na kiasi anachotaka kukopa. Vitu hivyo sita vikitimia, hata kama amevitaja kwenye simu akiwa foleni ya dukani, tayari ni ombi, na una siku 3 za kazi kumpelekea makadirio ya mkopo. Hapa inatumika maana ya kwanza: Ijumaa, Jumatatu, Jumanne. Mteja mwingine anapokea Alhamisi hiyohiyo fomu ya mwisho ya gharama, ambayo lazima awe nayo siku 3 kabla ya kusaini. Hapa ni maana ya pili: Ijumaa, Jumamosi, Jumatatu, na Jumatatu hiyo anaweza kusaini. Wa tatu amesaini Alhamisi kuhamishia mkopo wa nyumba anayoishi kwa mkopeshaji mwingine, na ana haki ya kughairi hadi saa sita usiku wa Jumatatu, kwa hiyo fedha hazitoki kabla ya Jumanne. Wa nne amesaini kununua nyumba mpya. Huyo hana haki ya kughairi hata dakika moja.

Ukidhani hayo ni mafumbo ya darasani, kumbuka Alhamisi ya 17 Juni 2021. Siku hiyo Rais Biden alitia saini sheria ya kuifanya 19 Juni, siku ya kukumbuka mwisho wa utumwa, kuwa sikukuu ya taifa, kuanzia palepale. Mwaka huo 19 Juni ilikuwa Jumamosi, keshokutwa yake. Jumamosi iliyokuwa inahesabika asubuhi ya Alhamisi, ilipofika jioni hakuna aliyekuwa na uhakika kama bado inahesabika. Aliyepokea fomu yake siku hiyo akitarajia kusaini Jumatatu, hakujua kama hesabu yake haijasogea hadi Jumanne. Nchi ilikuwa inashangilia uhuru, na maofisa mikopo walikuwa wanahesabu vidole upya.

Tano: punguza salamu

Hapa ndipo Mswahili anapoanguka na adabu zake zote. Kwetu biashara haianzi bila salamu: habari za nyumbani, mzee anaendeleaje, watoto wangapi sasa, mbona mmesimama, mnaongeza lini mwingine? Sheria ya usawa katika utoaji wa mikopo ya mwaka 1974 inakuruhusu kuuliza mteja ana wategemezi wangapi na wana umri gani. Kumuuliza kama anapanga kuzaa ni marufuku. Kuhusu ndoa, fomu ina majibu matatu: yumo kwenye ndoa, hayumo, au wametengana. Mjane na mtalaka wote ni “hayumo.” Pole ya msiba mpe, lakini usiiandike.

Mtunga mtihani anajua kwamba utachanganya sheria mbili. Sheria ya makazi ya mwaka 1968, kama ilivyo sasa, inakataza ubaguzi kwa ulemavu na kwa kuwa na watoto, lakini haitaji umri wala hali ya ndoa. Ile ya mikopo inataja umri, hali ya ndoa na kipato kitokanacho na misaada ya serikali, lakini ulemavu haumo. Rangi, dini, jinsia na asili ya taifa zimo kote. Ziandike kwenye karatasi, uibandike juu ya sinki.

Halafu, baada ya kukukanya usimbague mtu kwa rangi wala asili yake, sheria ya mwaka 1975 ya takwimu za mikopo ya nyumba inakuamuru umuulize vyote viwili. Mteja anaweza kukataa kujibu. Akikataa akiwa amekaa mbele yako, unatakiwa umtazame, au usome jina la ukoo wake, kisha ujaze mwenyewe. Lengo ni jema, kwani bila takwimu hizo hakuna atakayegundua kwamba benki fulani inawanyima weusi mikopo. Ila jiandae kwa siku utakayokaa mbele ya Mzanzibari mwenye jina la Kiarabu, bibi Mngazija na babu wa Kihindi, anayekuambia kwa upole kwamba hayo hayakuhusu.

Sita: sahau cha juu

Nyumbani, dalali akikuletea mteja unamtoa. Hakuna anayeona ubaya, na asiyetoa ndiye anayesemwa. Kifungu cha 8 cha RESPA, sheria ya mwaka 1974 ya taratibu za kukamilisha mauzo ya nyumba, kinakataza kutoa au kupokea kitu chochote chenye thamani kwa ajili ya kuletewa mteja, na adhabu yake inaweza kufika dola 10,000, kifungo cha mwaka 1, au vyote. Kitu chenye thamani hakilazimiki kuwa noti. Tiketi ya mpira imo. Ahadi ya kuchangia ujenzi wa kanisa au msikiti kwa kila muumini atakayeelekezwa kwako imo pia, hata ukiiita sadaka.

Kamisheni yako nayo imefungwa kamba. Zamani, ukimpa mteja riba kubwa kuliko aliyostahili, mkopeshaji alikulipa zaidi, na mteja alikushukuru kwa kumhangaikia. Tangu 2011 hilo ni marufuku. Unaweza kulipwa asilimia ya kiasi cha mkopo, lakini riba ikipanda, malipo yako hayapandi nayo. Jamaa wa kwenye sherehe alisahau kuwaambia hilo, au alikuwa anakumbuka miaka ya zamani.

Saba: saa 8 za kila mwaka, na waliozikwepa

Ukipata leseni usidhani umemaliza shule. Kila mwaka kuna saa 8: sheria 3, maadili 2, mikopo isiyo ya kawaida 2, na 1 ya hiari. Leseni inakufa 31 Desemba, na dirisha la kuihuisha linafunguliwa 1 Novemba. Hairuhusiwi kurudia kozi ileile miaka miwili mfululizo. Kwa hiyo utalipia kozi nyingine, yenye jalada jingine, na ndani yake utakutana na Alhamisi ileile.

Kila Desemba anatokea mtu wa kukunong'oneza kwamba kuna njia fupi. Njia hiyo ilishapitiwa. Iligundulika kwamba mwenye chuo kimoja cha California alikuwa akiwafanyia watu kozi za mtandaoni kwa majina yao, na wengine akiwapa vyeti vya madarasa ambayo hawakuyakanyaga. Januari 2022 wasimamizi wa majimbo 42 walitangaza makubaliano na maofisa mikopo 441. Kila mmoja alisalimisha leseni kwa miezi 3 na kulipa faini ya dola 1,000 kwa kila jimbo alilokuwa na leseni. Juu ya hapo waliongezewa masomo zaidi ya yale ya kawaida. Piga hesabu ya mtu mwenye leseni za majimbo 20, halafu kumbuka kwamba ndani ya saa 8 zile, saa 2 zilikuwa za maadili.

Ukichoka ukaiacha leseni ilale miaka 5, unarudi kwenye mtihani mwanzo hadi mwisho. Sheria inaamini ujuzi unaoza, na kwa kiasi cha mambo uliyokariri bila kuyaelewa, haijakosea.

Nane: mteja wako wa kwanza atakuwa wa kwenu

Atakuja kwa sababu unazungumza lugha yake. Ataleta taarifa za benki ambazo ndani yake, kati ya mishahara midogo ya kila wiki mbili, kuna dola 9,000 zilizoingia siku moja. Ni zamu yake ya upatu. Wewe unaelewa mara moja, maana na wewe unacheza. Mkaguzi wa mkopo haelewi, anaona fedha zisizo na asili. Wafundishe wateja mapema: daftari la mchezo liwepo, majina na michango iandikwe, kwa sababu hata mwongozo wa mikopo ya FHA, shirika la serikali linaloiwekea mikopo ya nyumba bima, unavitambua vikundi vya kuweka akiba vya watu binafsi, mradi kuna maandishi. Aliyechangiwa na kaka zake malipo ya awali alete barua zao zinazosema ni zawadi isiyorudishwa. Kama kaka zake wanategemea kurudishiwa, na mnajua wote wawili kwamba wanategemea, barua hiyo ni uongo.

Kisha atakuomba jambo dogo. Karatasi ya mshahara imepungua kidogo, si unaweza kuiweka sawa, ndugu yangu? Uongo kwenye ombi la mkopo ni kosa la shirikisho, na kilele cha adhabu yake ni miaka 30 na dola 1,000,000. Vishoka wa kazi hiyo wapo, wengine wanazungumza Kiswahili kitamu kuliko chako, na mteja akikataliwa na wewe anaweza kwenda kwao. Mwache aende. Yake yakiungua, namba yako haitakuwemo kwenye makaratasi.

Anayebaki ndiye mtihani wenyewe. Huyo hatasoma chochote. Atakuita mwanangu, atasema anakuamini, atafungua kalamu na kuuliza asaini wapi. Sheria haikuamini hata kidogo, mama huyu anakuamini kabisa, na kati ya hao wawili sheria ndiyo inayowajua watu wa kazi yako. Mwambie afunge kalamu. Fungua ukurasa wa pili wa makadirio, sehemu A, zinapoorodheshwa gharama za mkopeshaji, umsomee kwa Kiswahili mstari kwa mstari. Akikuuliza wewe unapata kiasi gani, mtajie.